Kiazi Kilichopita kwa Mama Sifa

Jumamosi, Nyabiondo. Mvua haijakatika tangu asubuhi, ukungu umekalia mashamba ya maharagwe, na mimi nimechefukwa. Tumbo ni zima. Kinachonichefua ni ofisi yetu, na katika ofisi hiyo ni mimi kuliko wote.

Jana tulikuwa na siku ya michezo ya kujenga timu.

Sisi ni watu tisa katika shirika dogo linalogawa mbegu za maharagwe kwa wakulima wa vilima hivi. Mkubwa wetu aliona hatupendani vya kutosha, akamwita mwezeshaji kutoka Kinshasa. Anaitwa Monsieur Blaise. Alishuka kwenye pikipiki na viatu vyeupe, katika tope la Nyabiondo, na nikajua tumepatikana. Kiswahili hajui, kwa hiyo mimi, katibu, nikapewa kazi ya kutafsiri. Nakiri nilivimba kichwa. Shati nililipiga pasi siku moja kabla.

Jambo moja kila mtu alilijua: mikataba inaisha mwezi ujao, na Monsieur Blaise alikuwa na daftari la kuandika nani anacheza kwa moyo na nani anajivuta.

Kwa sababu ya mvua tulifungiwa kwenye ukumbi wa parokia. Tulianza kwa kuiga wanyama. Mhasibu wetu, baba wa watoto saba, alilia kama mbuzi huku macho yake yakiwa kwenye daftari. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, tena sana. Leo kicheko hicho kinanitia kichefuchefu.

Kisha ukaja mchezo wa kiazi.

Mnasimama mstari mmoja, mikono nyuma. Wa kwanza anabana kiazi chini ya kidevu, anampitishia wa pili shingoni, wa pili kwa wa tatu, mpaka mwisho. Kwingine anatumia chungwa, alisema Monsieur Blaise, lakini njiani alipata viazi vya Mushaki tu. Kilipofika kwa mtu wa nne kilikuwa kinang'aa kwa jasho la watu, na udongo wake umegeuka tope kwenye kola zetu. Watu wazima, wenye wajukuu, wanasuguana shingo saa nne asubuhi.

Yeye ndiye aliyetupanga, kwa kuhesabu namba. Bauma, agronomu wetu, mtaalamu wa kilimo, akawa wa tano. Mama Sifa, anayetunza stoo ya mbegu, akawa wa sita.

Bauma amemuoa binti wa kwanza wa Mama Sifa.

Hapa kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anatoka pembeni. Ofisini tumelizoea hilo mpaka limekuwa sehemu ya kazi: Bauma akileta magunia, anayaweka mlangoni mwa stoo, anakohoa, anaondoka, ndipo Mama Sifa anatoka kuyachukua. Karatasi za kusaini zinapita kwa mtu wa kati, mwaka wa nne sasa.

Mtu huyo wa kati ni mimi.

Kwa hiyo kiazi kilipofika kwa Bauma, wote wakanitazama. Jambo kama lile halitangazwi. Ukilipigia kelele mbele ya watu, umewafanya wawatazame wale wawili na kuwaza lisilowazwa. Lakini mimi ningeweza kulisema kwa Kifaransa, pole pole, sikioni mwa Monsieur Blaise, na lingekwisha hapo.

Nilimwambia: mama huyu amechoka.

Mbona nilisema hivyo? Nimejiuliza tangu jana. Niliona haya. Sikutaka mtu wa Kinshasa arudi akasimulie kwamba kule Masisi, huku kwetu, wafanyakazi wanaogopa wakwe. Basi. Hakuna sababu nyingine nzuri zaidi.

Monsieur Blaise aliandika kitu kwenye daftari, akasema aliyechoka awaachie wengine nafasi ya kazi, kisha akaniagiza nimwambie asogee. Nami nikatafsiri. Kwa mdomo wangu huu.

"Mama, sogea karibu na Bauma."

Mama Sifa alinitazama. Halafu akamtazama Bauma, amefumba macho, kiazi shingoni, mishipa imemtoka. Mshahara wa huyo ndio unaolisha wajukuu zake. Akavuta kitenge chake cha mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, akasogea. Kiazi kilichukua muda kupita, maana kitambaa kilikuwa kinateleza. Monsieur Blaise alipiga makofi, akasema ni ubunifu mkubwa, akachukua simu yangu na kupiga picha. Akawatangaza jozi bora ya siku.

Tukapiga makofi. Sote.

Bauma alitoka kwenye mvua bila koti, chakula hakukigusa. Mama Sifa alikaa jikoni mwa parokia, uso ukutani, mpaka pikipiki ikaja kumchukua.

Leo asubuhi Monsieur Blaise ameniandikia: picha ile ya kitenge ndiyo nzuri kuliko zote, niitume iwe ukurasa wa kwanza wa ripoti, na nakala yake ibandikwe ofisini. Nimeifuta. Nimemjibu kwamba simu imeingia maji. Uongo wa pili ndani ya siku mbili, na huu umetoka kirahisi zaidi.

Kisha nikaenda kwa Mama Sifa kuomba msamaha. Alinipokea mlangoni na hakunikaribisha ndani. Nikamwambia sikupata la kusema. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, wala hakuacha.

"Maneno ya kuniambia nisogee uliipata," alisema. "Ya kumuambia ule mugeni huyu mutu iko mukwe yangu, ile njo ulikosa?"

Akatupa jiwe moja nje ya ungo, akaendelea.

"Mutoto yangu analia kule. Bauma hakulala kwake. Anasema hawezi kumuangalia muke yake kwa uso. Rudia kwako, kaka, mvua inakunyeshea."

Nimerudi. Jumatatu nitaingia kwa mkubwa, nitafunga mlango, nitamwambia yote na kumwomba afutishe neno aliloandikiwa Mama Sifa kwenye daftari lile. Hilo naweza. Nyumba ya Bauma sijui nani ataitengeneza. Labda wazee wa pande mbili watakaa, na nikiitwa nitakwenda kusema nilichofanya.

Nimeijaribu ile sentensi peke yangu, kwa sauti, nione ugumu wake uko wapi. Huyu ni mama mkwe wake. Kwa Kifaransa ni maneno matatu. Nilifundishwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi.