Kichwa cha Samaki na Ng'ombe wa Mahari Yangu

Geneva,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Magesa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa pamoja, maana najua barua hii utaisoma kwa sauti na yeye atakukatiza kila mstari. Mguu wake unaendeleaje? Bado anaukanda kwa maji ya chumvi, au ameshakubali kwenda hospitali? Na mvua, imefika Mugango au imeishia njiani kama mwaka jana? Mimi ni mzima wa mwili, ila mikono imepasuka kwa baridi na kichwa kimejaa mambo nisiyoyaelewa. Hayo ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Juzi kwenye simu uliniambia dalali ameshawaona ng'ombe, na kwamba ukishawauza mnadani utakodi shamba kule Bunda ulime pamba. Nilipokuomba usubiri, ukanijibu, "Dada, si wewe ndo ulisema kiwanda kinajengwa? Sasa mbona unanigeuka?" Ukaniambia kama ninayo sababu niiandike, umsomee Mama, kwa kuwa kwenye simu huwa naongea mbio na hakuna anayenielewa. Haya, naandika. Kurasa hizi nitazipiga picha nikutumie leo leo, ili zikufikie kabla ya siku ya mnada.

Ni kweli nilisema. Unajua ninapika kwa yule mama wa Kihaya mwenye mgahawa. Mji huu umejaa watu wa mikutano, na wale wa kutoka Afrika wakichoka vyakula vya hotelini wanakuja kwetu, wanakaa chumba cha ndani na wageni wao, wanazungumza huku wanakula. Mwezi uliopita walikuja wakubwa watatu wa nyumbani pamoja na wageni wa nchi moja ya mbali ambayo siku hizi kila mtu anaitaja. Nikiwa mlangoni na sahani ya chapati nikasikia mtu anasema Bunda. Miaka yote niliyokaa huku sijawahi kusikia mtu wa suti akitaja Bunda. Walisema kiwanda cha nyuzi, walisema pamba yetu isisafirishwe tena ikiwa ghafi, wakacheka, wakagonganisha glasi. Sikusubiri hata vyombo vitolewe mezani. Nikakimbilia stoo nikakupigia.

Jumanne iliyopita wamerudi watu wale wale. Mwenye mgahawa akaniambia wanataka samaki, nipike kama kwetu. Hapo nikupe kichekesho. Dukani huku kuna minofu ya sangara iliyoandikwa kwamba imetoka Tanzania, imekatwa vizuri, haina kichwa wala mfupa. Nikitaka sato mzima mwenye kichwa, napata wa barafu anayetoka Uchina. Kwa hiyo mtu wa Mugango, aliyekulia ziwani, anapika sato wa Uchina kwa ajili ya Watanzania walioko Uswisi. Nilisimama na yule samaki mkononi nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha nikabaki sijui nimecheka nini.

Nikapika. Nikachagua yule mkubwa kuliko wote, nikamweka kwenye sahani yake. Wewe unajua kwetu kichwa ni cha mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa humtafuti kwa cheo, unamtafuta kwa mvi. Nikaingia, nikatazama meza yote, nikamwona mzee mmoja amekaa mwishoni upande wa wageni, nywele nyeupe kabisa, na makabrasha mapajani. Nikapiga goti kidogo, nikamgeuzia kichwa cha samaki. Kumbe kiongozi wao ni yule dada aliyekaa katikati, ambaye nadhani hajakuzidi wewe umri. Mzee ni mwandishi wao tu, wa kubeba karatasi. Wakubwa wetu wakainamia sahani zao. Mzee akamtazama bosi wake, yule dada akafanya ishara ya mkono kwamba ale, naye akala. Alikula kichwa chote, shavu, macho, akafyonza na mifupa, kama mtu aliyelelewa na Mama yetu. Nilipotoka, mwenye mgahawa akanishika kiwiko akasema nimemwaibisha mbele ya serikali mbili.

Baada ya chakula yule mzee akaja jikoni kunawa mikono kwenye karai langu. Akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba alizaliwa kando ya mto, na kichwa cha samaki alikuwa anakula baba yake. Baba alipofariki hakuna aliyempa yeye, naye hakuthubutu kuomba. Nikamwonea huruma, nikapata na ujasiri. Nikamwuliza, babu, kile kiwanda cha Bunda kitajengwa? Nikamweleza kwamba mdogo wangu anataka kuuza ng'ombe kwa sababu yake. Unajua alichouliza kwanza? Kama wanatoa maziwa.

Halafu akasema, "Binti yangu, karatasi za kiwanda hicho niliziandika kwa mkono wangu huu. Lakini siku hizi naamka asubuhi nafungua simu nijue nchi yangu imeamua nini. Leo hatukutaja pamba hata mara moja. Tumezungumza madini."

Nikamwuliza, kwa hiyo hakitajengwa? Akajibu kwamba hakusema hivyo. Akajifuta mikono, akanishukuru, akaenda zake.

Sasa niambie wewe, hapo nimeambiwa nini? Tangu Jumanne nalizungusha jambo hili hata chumvi naweka mara mbili. Alhamisi mmoja wa wale wakubwa wetu alirudi na wageni wengine kabisa, wa taifa lile lisilopatana na hawa wa Jumanne. Akakaa kiti kile kile, akasema maneno yale yale, kwamba sisi ni marafiki wa wote. Nikakumbuka tulivyokuwa tunakariri darasani kutofungamana na upande wowote, na safari ya shule ya kwenda Butiama, tukasimama kaburini kwa Baba wa Taifa tumenyoosha mikono ubavuni. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapata vema. Lakini nikimwona yule mkubwa anavyofuta jasho kwa kitambaa kabla ya kuingia chumbani, sijui kama natazama werevu au natazama woga. Labda ni vyote viwili. Pengine hata yeye ana mtu nyumbani anayemsubiri aseme kitu cha uhakika.

Na wewe mwenyewe yamekupata. Wale wa mradi wako wa afya, uliowaendeshea gari barabara zote za Bunda, walisema wako nasi siku zote, kisha ikaja barua moja kutoka kwao na ofisi ikafungwa, mkaambiwa mrudishe funguo. Hawakugombana na ninyi. Mambo yalibadilika huko kwao, basi. Ulinipigia ukalia, nami nikakutuliza kwa maneno makubwa makubwa ambayo sasa nayaonea haya.

Nikuambie ukweli wangu, Magesa. Siku ile niliposikia Bunda nilikupigia si kwa sababu nilijua. Nilikupigia kwa sababu nilitaka, walau mara moja, niwe mtu aliyejua. Mnanihesabu niko Ulaya, karibu na wakubwa, kumbe niko karibu na masufuria yao. Ulivyoniuliza, "Dada, una uhakika?" nikasema ninao. Sikuwa nao. Neno hilo linaniuma kuliko ukali wa mwenye mgahawa.

Hao ng'ombe ndio waliobaki kwenye mahari yangu. Marehemu shemeji yako aliwaswaga yeye mwenyewe kwa miguu kutoka Butiama, akafika kwetu viatu vimechakaa, Mama akamkaribisha kwa uji. Nilikubali wabaki hapo ili na wewe upate cha kupeleka kwa wakwe zako siku yako ikifika. Simaanishi kwamba ni mali yangu nakudai. Namaanisha kwamba wakitoka zizini kwa sababu ya neno nililolisikia mlangoni, nitakuwa nimewatoa mimi.

Lakini pia siwezi kukuambia usilime pamba. Nikikuambia hakitajengwa, nitakuwa nimerudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Kinaweza kujengwa mwakani, ukanilaumu mpaka uzeeni. Ninachoweza ni kulirudisha neno langu. Lifute kabisa. Kaeni wewe na Mama, mwite na yule binti wa watu wa Bunda unayetaka kumwoa, maana na yeye linamhusu, mwamue kana kwamba mimi sikupiga simu siku ile. Mkiamua kuuza, uzeni kwa akili yenu wenyewe.

Nisalimie shangazi wa Nyasho, mwambie nguo alizoniagiza bado natafuta saizi yake. Msalimie mwinjilisti wetu, na baba mdogo wa Bunda anayetupokea kila tukishuka basi. Mama mwambie namwomba msamaha kwanza yeye, kabla yako.

Nisameheni. Mkubwa wenu wa huku Ulaya hajui.

Ni mimi dada yako,
Nyanjige