Nyuzi Nilizozikaza Mimi

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kosele tu wazima. Mahindi yameshika vizuri, na babu yako bado anabishana na redio. Barua yako imenikasirisha, ingawa si wewe uliyenikasirisha. Unauliza kama kweli mila inamkataza msichana kupiga nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, maana mwalimu wenu wa muziki huko Migori amewapa wavulana nyuzi, nanyi wasichana mmepewa njuga mtikise na kuitikia.

Nilipokuwa na umri wako, baba yangu alikuwa akipiga nyatiti matangani. Siku moja nyuzi zilikuwa zimelegea, na kaka yangu aliyezoea kuzikaza hakuonekana. Nikazikaza mimi, kwa sikio langu, nyuma ya nyumba. Baba akapiga hata wafiwa wakainuka kucheza. Kisha akamsifu kaka yangu, aliyekuwa amesharudi, mbele ya watu kwa kuzikaza nyuzi vizuri, na kaka akazipokea sifa. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai.

Hasira ile haijanitoka. Jumamosi mkikutana kwa mazoezi, keti kwenye kigoda, vaa pete ya chuma ya kugongea mdundo kwenye kidole gumba cha mguu, upige. Mwalimu akitaja mila, mwambie hiyo mila nyuzi zake alizikaza nyanya yako.

Nyanya yako,
Kosele