Ratili Nne za Moshi

Hooyo mpendwa,

Jana daktari wa hapa mjini alinipandisha kwenye mizani yake, akatazama namba, akanitazama usoni, akasema, "Mzee, kilo tisini na moja. Umezidi." Nilicheka hadi nesi akaja kuchungulia mlangoni. Maskini daktari, alidhani namdharau. Ningemwelezaje? Neno hilo, umezidi, liliwahi kunirudisha Garissa kutoka Nairobi nikiwa nimeinamisha kichwa, na aliyenitoa katika aibu ile ni wewe, na shimo la moshi, na akina mama wa jirani walioimba hadi wakakaukiwa sauti.

Basi nakuandikia. Nakuandikia waziwazi ili wajukuu zako wasome, maana wameuona mkanda wa ubingwa ukutani miaka yote na wanadhani niliupata kwa ngumi peke yake.

Wajukuu hao pia hawakuelewa kwa nini uliniita "hooyo" ilhali mama ulikuwa wewe. Kwetu ndivyo mama anavyomwita mwanawe, anampa jina lake mwenyewe la umama. Ulizaliwa Buna kwa Waborana, ukaolewa hapa Garissa na Msomali wa mifugo, ukazishika desturi za wakwe zako pamoja na lugha yao, nawe ukaizungumza kwa lafudhi ya Buna iliyowachekesha shangazi zangu hadi mwisho. "Hooyo, kula." Maneno hayo mawili niliyasikia kwako kuliko mengine yote duniani.

Nami kazi yangu ilikuwa kutokula! Unakumbuka ulivyoipokea habari hiyo? Karani Ouma, yule mtu wa Kisumu aliyetunza stoo ya vifaa vya barabara na aliyewahi kuwa bondia, ndiye aliyenifundisha masumbwi na kunipeleka Nairobi kupigana kwa mkataba. Alikuja nyumbani akakueleza kwa heshima kwamba mwanao ni bondia wa uzani wa unyoya, kwa hiyo siku ya pambano asizidi ratili mia moja ishirini na sita. Ulimsikiliza ukiwa umeshika kibuyu cha maziwa. Kisha ukamjibu kwa Kiswahili chako cha sokoni: "Karani, mtoto yangu akikonda, watu nasema mama yake nanyima yeye chakula. Wewe nataka mimi nafanya nini, nakwenda kila nyumba naeleza mambo ya ratili?"

Ulimmiminia maziwa naye akanywa, na mimi ukaniongezea kikombe cha pili mbele yake.

Na ulikuwa na haki. Ilikuwa miaka ya vita, hooyo, serikali na waasi wa huku kwetu. Watu walikusanywa na mifugo yao katika vijiji vya ulinzi, ngamia wakafa kwa kukosa malisho, na watoto waliokuwa na mashavu mwaka uliotangulia wakabaki macho tu. Mjomba wangu alifika kwetu kwa miguu akiwa na fimbo tu mkononi, yeye aliyekuwa na ngamia wasiohesabika. Katika mji kama huo, kijana anayekataa chakula kwa hiari yake aliudhi watu. Nilimsikia mzee mmoja msikitini akisema, "Watu wanakitafuta chakula, huyu anakikimbia." Niliona aibu hadi sikuweza kuinua macho.

Wala sikuweza kukikimbia kweli. Bondia hupunguza uzito kwa kukimbia asubuhi, na Garissa ya siku zile, kijana wa Kisomali anayekimbia porini alipigiwa kelele na askari mara moja asimame, na mara ya pili haikuwa kelele. Mimi nilisimamishwa njia ya mtoni, nikalala kifudifudi mchangani na mtutu kisogoni, nikieleza kwamba nafanya mazoezi. "Mazoezi ya nini?" wakauliza. Ouma alikuja mbio akawaonyesha picha yangu nimevaa glavu. Tangu siku hiyo nikawa naruka kamba uani kwako, kamba ya kufungia miguu ya ngamia, na kuku wako wakaacha kutaga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikukuambia nilipopaswa kukuambia.

Pambano la kwanza la kuwania ubingwa, uliniandalia nyirinyiri ya safari. Nyama ile uliyoikata vipande vidogo kama punje, ukaikaanga, ukaizamisha katika samli na iliki. Sijui uliitoa wapi nyama katika njaa ile. Nadhani ulichinja yule mbuzi wa mwisho ukanificha. Msafara wa magari, ule uliosindikizwa na askari, ulikwama siku mbili njiani. Nilikuwa na njaa na chombo chake kilikuwa mapajani. Nikafungua nionje. Unaijua nyirinyiri yako, hooyo. Hakuna mtu aliyewahi kuionja akaishia kuonja.

Nairobi nilipanda mizani nikawa nimezidi ratili mbili. Walinipa saa moja. Nilipanda na kushuka ngazi nimevaa makoti matatu, nikarudi nikakuta bado moja. Pambano likafutwa. Mwandalizi aliniambia mbele ya watu kwamba nikizidi tena, hata kwa manyoya ya kuku, mkataba wangu ataupasua na jina langu halitatajwa tena katika ukumbi wowote.

Nilipofika nyumbani ulinishika kidevu, ukageuza uso wangu huku na huku ukitafuta uvimbe. "Nani amekupiga, hooyo?"

"Mizani," nikasema.

Ningewezaje kukuambia kwamba nimeangushwa na mbuzi wako wa mwisho? Lakini ulikwenda kwa Ouma ukamkalia mlangoni hadi akakueleza yote. Uliporudi ulikaa kwenye kigoda ukiwa umeshika kile chombo kitupu, ukakigeuza na kukigeuza. Nilitamani unikaripie. Kisha ukasema, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa upande wa mpinzani wako," na hapo nililia, mtu mzima mwenye misuli.

Miezi minne baadaye wakaniita tena. Nilibakiwa na siku kumi na mbili kabla ya msafara, na mizani ya Mzee Awadhi, yule Mwarabu mnunuzi wa ngozi aliyenipimia sokoni kati ya marundo ya ngozi za mbuzi, ilisema mia moja thelathini na saba. Kuanzia siku hiyo hukuniambia tena "kula." Nilijua jinsi ilivyokuchoma. Jirani akileta chai yenye maziwa ulimpokea mlangoni ukamrudisha nayo, ukakubali aende akakuseme. Niliruka kamba, nikala vijiko vichache vya uji wa mtama, na siku tatu kabla ya msafara kuondoka nikawa mia moja thelathini. Hapo mwili ukagoma. Niliruka kamba hadi miguu ikakataa, na hata jasho halikutoka. Ratili nne, hooyo. Ouma alikaa chini kwenye rundo la ngozi akashika kichwa.

Wewe ulikuwa umesimama nyuma yetu. Ukauliza, "Hiyo nne ni nyama ao ni maji?"

"Ni maji, mama. Nyama imekwisha," Ouma akajibu.

"Kama ni maji, achia mimi."

Ulichimba shimo nyuma ya nyumba kwa mikono yako. Ukaweka makaa ya mgunga na vile vijiti vyenye harufu ulivyovitunza sandukuni tangu Buna. Nilipoelewa nilitaka kutoroka. Kwenu wanawake hukaa juu ya moshi wa namna ile, wamejifunika shuka mwili mzima, wakatokwa jasho hadi ngozi ing'ae. Bibi harusi kabla ya kupelekwa kwa mumewe, na mzazi baada ya arobaini. Mwanamume hasogei hata karibu. Nami nilikuwa bondia, niliyetajwa magazetini!

"Hooyo, watu watasema nini?"

"Watasema walichokuwa wakikisema," ukanijibu. "Vua shati."

Ukanifunika mablanketi matatu na ngozi ya ngamia juu, kichwa tu kikabaki nje. Alasiri ile harufu ilipanda juu ya ua, na akina mama wa jirani, wanaoijua harufu hiyo vizuri, wakaja wakiuliza nani anaolewa. Wakanikuta mimi. Ya Allah! Walicheka wakashikana mabega. Hao ndio waliokuwa wakikusema kwa kuninyima chakula. Ulisimama katikati yao ukaeleza, kwa mara ya kwanza, mambo ya ratili, yale uliyomwambia Ouma kwamba huwezi kwenda kuyaeleza. Nao wakaelewa. Mmoja akaanza wimbo wa kumtoa bibi harusi, wengine wakapokea, na mimi nikakaa mle jasho likinitiririka kama paa lililotoboka, nikiimbiwa. Sikuwa nimesikia wanawake wakiimba tangu vita vianze.

Ulinirudisha shimoni mara tatu katika siku mbili. Asubuhi ya msafara, mizani ya Mzee Awadhi ilisimama kwenye mia moja ishirini na sita kamili.

Ukanipa tena chombo cha nyirinyiri. Nilishtuka. Lakini safari hii ulikuwa umekifunga kama Wasomali wanavyofunga chombo cha harusi, kamba juu ya kamba na fundo ndani ya fundo, kile ambacho ndugu za bwana harusi huhenyeka nacho mbele ya wageni wakitafuta mwisho wa kamba. Ukamkabidhi Ouma. "Hii nafungua baada ya chuma ya kupimia ya Nairobi. Kabla, hata sheitani hawezi."

Msafara ulikwama tena, bila shaka. Safari nzima nilikaa na kokoto mdomoni kudanganya kiu, nikikitazama chombo kile na chenyewe kikinitazama.

Pale ukumbini, nilipovua koti kupimwa, mpinzani wangu, kijana wa Nakuru mwenye shingo pana, alinusa hewa akauliza kwa sauti, "Jamani, nani amemleta bibi harusi?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, hooyo, kwa sababu tayari nilikuwa nimepanda na niliuona mkono wa mizani ukitulia. Mia moja ishirini na tano na robo tatu. Ouma alipiga ukelele wa Kijaluo, akamkumbatia mwandalizi, yule yule.

Kukifungua chombo chako kulituchukua karibu saa mbili. Ouma alivunjika kucha. Lakini nilikula, na kila punje ilipopita kooni nilihisi mikono ikinirudia. Jioni ile, raundi ya sita, yule kijana wa Nakuru aliinua kiwiko juu kidogo tu kuliko alivyopaswa, nami nikapitisha ngumi ya kushoto chini ya mbavu. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Mwamuzi akahesabu hadi kumi. Redio ikatangaza, "Bingwa mpya, kijana kutoka Garissa." Waliokuwa mjini waliniambia baadaye kwamba watu walinyamaza wakingoja kilichobaki, maana siku zile mji wetu haukutajwa redioni bila kutajwa na maiti. Hapakuwa na kilichobaki. Ndipo wakashangilia.

Nilirudi na msafara nimevaa mkanda juu ya kanzu. Ulikuwa sokoni, kwenye duka la Mzee Awadhi, na nusu ya mji nyuma yako, na kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi. Hukunikumbatia. Ulionyesha mizani. "Panda. Kunywa hadi chuma inyanyuke."

Nilipanda. Nikapeleka kibuyu mdomoni, na Mzee Awadhi akasema, kwa utaratibu wake ule, "Mpe mama yako kwanza. Siku kumi na mbili wewe ukipimwa hapa, na yeye alipimwa. Akija peke yake mchana. Hakuonja maziwa siku zote hizo. Alisema mtoto hawezi kubeba njaa peke yake. Amepungua ratili tisa, na yeye hakuwa na za kupunguza."

Nilikutazama. Ulijifunika uso kwa shela, wewe uliyeogopa watu waseme unaninyima, kumbe ulijinyima pamoja nami.

Nilishuka, nikakushika mkono nikakupandisha juu ya kile chuma. "Hooyo, kunywa," nikakuambia. Ulikunywa, watu wakihesabu mafunda kwa sauti, kisha ukanivuta nipande nisimame nawe, ukanipa, nikanywa, nikakurudishia, na mkono wa mizani ukapanda hadi ukagonga juu. Mzee Awadhi alisogeza mawe yake yote, hayakutosha. "Mmezidi!" akapaza sauti, na soko zima likapokea, mmezidi, mmezidi, wanawake wakipiga vigelegele katika mji uliokuwa na njaa.

Nimeshinda mapambano mengine baada ya lile. Hakuna nililoshinda kama siku ile sokoni.

Daktari anataka nipunguze kilo kumi na tano. Nimemkubalia, ni kijana mwema. Nitaanza kesho. Leo nimemwagiza mkwe wako aniletee maziwa ya ngamia kutoka sokoni, nami nitakunywa kikombe changu, kisha nitakunywa na chako.

Pumzika kwa rehema za Mola, na usiwe na wasiwasi. Nimekula.

Ni mimi mwanao,
uliyeniita hooyo