Jani la Isale kwa Baba Mkubwa

Baba, shikamoo.

Ng'ombe hajala. Ndizi ziko sufuriani. ~~Usitusubiri~~ kula upesi utufuate hospitali.

Ulipotoka tu kwenda mferejini, Mama alizidiwa, hata pumzi inamshinda. Kwa machela asingefika, na gari huku ni la Baba Mkubwa peke yake. Najua uliapa hutamwomba kaka yako kitu tangu mgombanie mpaka wa shamba. Lakini anayekufa si wewe!

Nimekata jani la isale pale pale mpakani, lile lisilokataliwa wala kudanganyiwa, nikampelekea kukuombea msamaha. Amelipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Akauliza, "Amekutuma mwenyewe?" Nikasema ndiyo.

Sasa anampakia Mama. Njoo umpe kaka yako mkono, Baba. Uongo mwingine nitaubeba. Wa isale siuwezi.

Binti yako mwenye mdomo,
Elisifa