Picha za Harusi Zimetoka

Dada yangu kipenzi,

Ndoa tamu, jamani! Mume wangu ananichana nywele mwenyewe kila asubuhi. Mwanawe, yule asiyesema, sasa hunishika kidole tukitembea.

Jana nilimpeleka kwenye kikundi cha wazazi wa watoto kama yeye. Nikajisifu: "Mimi nina dada, binti yake yuko hivi hivi!"

Mama mmoja, fundi cherehani, akacheka. "Una bahati, bi harusi. Sisi wenzio, ndugu zetu walitukataza kuja na watoto harusini."

Nikabaki nazungusha pete.

Picha zetu zimetoka nzuri mno. Wewe huonekani hata kwenye moja, maana nilikuambia umwache binti yako nyumbani, asije akapiga kelele, nawe ukabaki naye.

Ni mimi mdogo wako, niliyependeza sana siku ile.