Hodi Iliyoingia Katika Wimbo

Jumamosi, 6 Septemba
Kwa jina la Mola aliyeumba kicheko na kilio, na rehema zimshukie Mtume na jamaa zake. Baada ya alfajiri nimemwagilia mchicha, nikasahihisha madaftari ya madrasa. Hamadi, kitindamimba wangu, amekuja kutoka Ukunda anakopiga gitaa la umeme katika bendi ya roki. Ameniamkia kwa adabu, akanikabidhi karatasi. Maneno ya wimbo. Wataurekodi tarehe 18. Nisiporidhia, watauacha.

Jumapili, 7 Septemba
Nimeusoma. Wimbo ni mimi.

Tangu mke wangu Mwanamisi afariki mwezi wa Rajabu, nirudipo kutoka msikitini bado hupiga hodi mlangoni kwangu mara tatu, kisha hungoja. Ndani hamna mtu. Nilidhani hakuna ajuaye. Kumbe mwanangu alinisikia, akaandika:

Baba apiga hodi nyumbani mwake,
na ufunguo umo mkononi mwake.

Nimekasirika. Nimeaibika zaidi. Kwa kalamu nyekundu nimeukata mstari wa hodi, wa kikombe cha Mwanamisi, na wa kilio. Mahali pake nimeweka mawaidha ya subira. Vina vimekaa sawa.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeipeleka karatasi Ukunda mwenyewe. Wanafanya mazoezi nyuma ya gereji. Otieno, mpiga ngoma wao, mtu wa bara, alinipisha kiti chake akakalia ndoo. Hamadi aliyaimba maneno yangu hadi mwisho bila kunung'unika. Sauti ilikuwa yake, lakini ndani hamkuwa na mtu.

"Mzee, hii imekuwa hotuba ya Ijumaa," alisema Otieno. "Ngoma nitapiga wapi, kwa 'enyi waja' ama kwa 'amina'?"

Hamadi alimkanya. Mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu Rajabu.

Kisha Hamadi akasema, macho chini, "Baba, siku ya maziko hukulia. Nikaona haya kulia mbele yako. Nimelilia humo wimboni."

Niliichukua karatasi, nikarudi kwangu Munje.

Alhamisi, 11 Septemba
Miaka mingi nimewasomesha watoto kisa cha nabii aliyemlilia mwanawe hadi macho yakafifia. Hakuna aliyemhesabu mkosefu wa subira. Wana wa watu niliwasomesha hivyo; mwanangu nilimfundisha kukaza uso. Kosa ni langu.

Nimeunakili wimbo upya kwa wino mweusi, wote, kama alivyouandika. Chini nimeongeza mstari mmoja, jibu la Mwanamisi kila jioni tangu ndoa yetu:

Karibu, mwenye nyumba. Hodi ya nini?

Nimelia. Karatasi imelowa pembeni. Nimeituma hivyo hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba
Wamerekodi. Hamadi amekuja kunisikilizisha kwa simu, barazani, baada ya alasiri. Magitaa ni makali mno kwa masikio yangu. Kwenye mstari wa mwisho yote yamenyamaza, ikabaki sauti yake peke yake. Amelia, nami nimelia. Hatukuoneana haya.

Baada ya magharibi nimerudi kutoka msikitini, nikapiga hodi. Hamadi alikuwa jikoni akibandika chai. Ameitika kama alivyoitika mamake.

Mola aibariki nyumba hii na waliomo, na atakayelifungua daftari hili asikose wa kumwitikia mlangoni.