Maneno ya Baba Hayakuingia

Bremen, mwezi wa kumi na moja

Dada Aikande,

Shikamoo dada yangu. Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila mikono inapasuka kwa dawa za kule tunakofulia mashuka ya hospitali. Vipi hali zenu hapo Masama? Vipi mgongo wako, shemeji, na yule ng'ombe mkorofi? Migomba imeinuka baada ya ule upepo ulionisimulia? Kahawa siulizi, maana najua jibu litanitia uchungu bure.

Kabla hujaendelea, angalia umekaa wapi. Kama uko jikoni na Baba yuko karibu, toka, nenda ukasomee huko kwenye migomba. Barua hii isome peke yako kwanza. Ningeweza kununua kadi nikapiga simu, lakini nakujua wewe, ungeita hapohapo, "Baba, njoo, ni Anaeli," na sauti yangu ingenisaliti.

Habari yenyewe ni hii. Toleo jipya la ile Linux yetu limetoka wiki iliyopita, na Kiswahili hakimo. Maneno ya Baba hayakuingia, hata moja.

Najua mambo ya kompyuta huyapendi. Uliwahi kuniambia ni televisheni isiyokuwa na taarifa ya habari. Lakini nivumilie, nikueleze kidogo ili ujue ninalilia nini. Linux ni ile mitambo isiyoshikika inayoifanya kompyuta iwake, ifungue madirisha, iandike, ichapishe. Yetu haiuzwi. Inatengenezwa na watu wa kila nchi, kila mmoja kwao, baada ya kazi zake za mchana, na kila mmoja ana kipande chake. Ikifika siku iliyopangwa, milango inafungwa, hapokelewi mtu tena. Kazi zote zinakusanywa, zinajaribiwa, zinawekwa kwenye diski, na dunia nzima inapewa bure. Hilo ndilo linaloitwa toleo. Kipande cha Kiswahili tulikuwa nacho sisi wawili, mzee wa Kichagga na mfua mashuka. Watu wa Tanga wangesikia wangetucheka mpaka wakae chini.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikuja kumzika Mama, na baada ya matanga Baba alikuwa anashinda pale barazani bila neno, mwalimu mstaafu asiye na mtu wa kumsahihisha. Nikamweleza kazi hii, basi tu kupata la kuongea. Alinisikiliza huku anamenya ndizi, kisha akasema, "Kumbe ni mfongo."

Mimi sikuwa nimefikiria hivyo, lakini ni kweli kabisa. Ule mfereji wetu unaoteremka kutoka juu msituni, kila nyumba inachimba kipande chake na kusafisha, halafu siku moja maji yanafunguliwa kwa wote. Kisha akauliza, "Na mkubwa wa mfongo ni nani?" Nikamwambia ni mama mmoja huku Ujerumani, anaitwa Karin. Akafikiri. "Mwanamke? Haya. Ilimradi awe mkali."

Tangu siku hiyo nikawa namtumia karatasi zenye maneno ya Kiingereza, naye anarudisha Kiswahili chake kwa ule mwandiko wa ubaoni, na pale alipojikosoa ameweka kalamu nyekundu kama vile anasahihisha mtoto wa watu. Tuligombana sana, dada. Kuna mahali kwenye kompyuta unapotupa kitu usichokitaka, na ukijuta unaweza kukichukua tena. Mimi niliandika Takataka. Yeye akafuta, akaandika Samadi. Nikampigia simu. Akaniambia, "Wewe umekaa mjini sana. Hapa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, umeona nani anatupa kitu? Kinalala tu pale chini ya migomba, siku moja utakihitaji." Nikaiacha Samadi. Na pale mashine inapokwama, ambapo wengine huandika kwamba kosa limetokea, Baba alikataa katakata. Alisema kosa halitokei lenyewe, lina mwenyewe. Akaandika: Samahani, nimeshindwa.

Halafu mistari yake ikaanza kupanda mlima. Mwanzoni nilidhani anaandikia mapajani. Baadaye mistari ikawa inapandana, neno juu ya neno, na wewe ndiwe uliyenieleza kwamba ni presha ya macho, na daktari wa Moshi amesema kilichokwenda hakirudi. Uliponiambia amemwamkia Mchungaji kwa jina la mjomba nilitaka kucheka, nikashindwa. Ulijitolea umwandikie, akakujibu mwandiko wako ni wa kuku. Ukataka kupeleka karatasi mjini wakazichape na kunitumia kwa kompyuta, akasema yule binti wa kule aliwahi kumharibia waraka wa usharika, hampi tena. Basi akaandika mwenyewe, akiinamia karatasi mpaka pua inaigusa. Nilijua kwa nini anajiua vile. Alitaka toleo hili litoke angali anaona. Alitaka akae mbele ya kompyuta ya usharika aone maneno yake yanawaka kwenye kioo, macho yake mwenyewe yakishuhudia. Hakuomba jambo jingine lolote.

Bahasha ya mwisho ilinifikia milango ikiwa imeshafungwa. Na yeye alijua amechelewa, kwa sababu ndani, katikati ya karatasi, alikuwa ameweka jani la sale. Limekauka, limekunjwa mara mbili, na kikaratasi chenye maandishi makubwa yanayoyumba: "Mpe mama wa mfongo. Mwambie mzee wa Masama amechelewa kwa ajili ya macho."

Nilicheka, dada. Nilicheka peke yangu pale jikoni, sale Ujerumani! Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu nilimkumbuka yule jirani wa bondeni aliyetusogezea mpaka. Baba alikuwa ameapa kwamba mtu yule hatakanyaga kwetu mpaka azikwe. Siku moja asubuhi akaja na sale mkononi, akasimama pale mlangoni hasemi kitu. Baba aliliangalia lile jani kwa muda, uso umemkauka, halafu akaingia ndani akatoka na kigoda, akamwambia kaa. Hakuna aliyetueleza maana yake. Tuliona tu kwamba kwetu mtu akija na sale hafukuzwi.

Kwa hiyo nilifanya alivyosema. Niliyaandika maneno yote yaliyobaki kwenye kompyuta, kila nikitoka kazini, vidole vinauma. Nikamwandikia Karin barua pepe nikimwomba apokee. Akajibu kwa upole kwamba muda umepita. Ndipo nikalitia sale kwenye bahasha nikampelekea kwa posta, pamoja na maelezo mafupi kwamba baba yangu anaomba radhi kwa kuchelewa. Na tazama ujinga wangu, dada, nilipoitumbukiza ile bahasha moyo wangu ulitulia kabisa. Mtu mzima, nimeishi huku miaka yote hii, nikaamini kwamba jani likishafika mambo yamekwisha. Hata Baba nilimpigia nikamwambia limeshakwenda. Akashukuru kwa Kichagga, "Aika. Basi tumemaliza." Nawe ulikuwepo kanisani Jumapili iliyofuata, alipoomba litangazwe kwamba Kiswahili cha Masama kinaingia kwenye kompyuta za dunia nzima.

Toleo lilipotoka, wachangiaji wa mji huu walikusanyika kwenye mgahawa mmoja kufurahia. Niliingia nikiwa na koti la kazini. Kila mtu alikuwa na diski mpya. Niliomba kompyuta ya mmoja wao, nikaiwasha, nikafungua orodha ya lugha, nikaishuka mpaka chini, nikapanda tena mpaka juu. Kiswahili hakikuwepo. Nikavuta kiti.

Karin alikuwa amekuja kutoka Hamburg. Ni mama wa makamo, mwembamba, si mtu mbaya. Alinifuata yeye mwenyewe.

"Anaeli! Lile jani la baba yako ni zuri mno. Nimelitia kwenye fremu, liko ukutani pale ninapofanyia kazi."

Nikamwambia, "Karin, kwetu mtu akileta jani lile, hakataliwi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini sikumkataa. Hakuna aliyekasirika naye hata kidogo. Mwambie nimemsamehe kabisa."

"Basi mbona maneno yake hayamo?"

"Hilo ni jambo lingine. Milango ilifungwa kwa wote. Nikimfungulia mmoja, nitamwambia nini wa pili? Yataingia toleo lijalo, nakuahidi. Kila kitu kiko tayari."

"Toleo lijalo hataona."

Nikamweleza kwamba kwetu kwenye mfongo mtu akiugua majirani wanamchimbia kipande chake, maji yasimpite. Akasema hilo ni jambo zuri sana, watu wa huku wangejifunza. Kisha akanikatia keki. Niliila, dada, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Sikuwa na hasira naye. Amemsamehe Baba kwa moyo mweupe na kumwacha nje, na yeye haoni kama kuna tatizo. Huku vitu hivyo viwili havijuani.

Nilirudi nyumbani nimevunjika. Siku zilizofuata nilifanya kitu ambacho mfumo huu unakiruhusu, maana ni mali ya kila mtu. Nilichukua toleo jipya, nikayapachika maneno ya Baba mwenyewe kwa mkono, nikatengeneza diski yangu. Mara ya kwanza nilipoiwasha ilikwama katikati. Kioo kikawa cheusi, halafu yakatokea maandishi: Samahani, nimeshindwa. Nilihisi kama Baba ananisemesha kutoka mle ndani. Nililia, sikufichi. Nililia kuliko nilivyolia kwenye mazishi ya Mama, labda kwa sababu siku ile kulikuwa na watu wa kunishika.

Baadaye ilikubali. Diski hiyo imo ndani ya bahasha hii, nimeizungushia soksi isivunjike.

Sasa nikuambie nililotaka kufanya. Nilishaandika barua nyingine, nzuri, ya furaha, kwamba hili hapa toleo jipya, Baba hongera. Nani angejua? Mwalimu wa kompyuta wa usharika angeiwasha, watu wangepiga makofi, Mchungaji angeomba, mzee angerudi nyumbani ametulia. Niliifunga kabisa barua ile. Lakini nilijua Baba angefanya nini kesho yake. Angekutuma ukamwandikie Karin, kwa mwandiko wako huohuo wa kuku, amshukuru kwa kulipokea sale lake. Angesimama kanisani kumshukuru. Angekaa gizani miaka yake iliyobaki akiamini kwamba hata Ulaya sale linaheshimiwa, na mimi ningekuwa nimelichezea jani ambalo yeye hakuthubutu kulikataa hata kwa mtu aliyemwibia ardhi. Nikaichana.

Kwa hiyo atajua yote. Akishajua, na akitaka mwenyewe, mpeleke usharikani. Wekeni ile diski, umkalishe karibu na kioo kadiri anavyoweza. Kama macho bado yanashika chochote, ataona. Kama hayashiki, msomee neno moja moja, na ukifika kwenye Samadi mwambie kwamba alinishinda. Mwambie pia toleo lijalo yataingia kweli, Karin si mwongo. Sijui kama hilo litamfariji. Mimi halinifariji.

Krismasi sitakuja, likizo wamepewa wenye watoto. Wote watapanda mlimani kutoka Dar na Arusha na kila mahali, na mimi nitakuwa hapa napasi mashuka. Mbuzi akichinjwa, fungu langu mpe Baba, usimwachie shemeji. Msalimu shemeji hata hivyo, mwambie ni utani. Wasalimu wanao, waambie mjomba wao anawakumbuka. Msalimu shangazi wa kule juu msituni, mfikishie pole ya mguu. Mwalimu wa kompyuta mwambie asimcheke mzee akikosea kiti.

Baba sijamsalimu, na si kwa kusahau. Ukimaliza kusoma, nenda pale alipolala Mama, kwenye yale masale ya pembeni, ukate moja lililonyooka. Usimwambie kitu. Mtie mkononi tu, kwa niaba yangu. Hata asipoliona, vidole vyake vitalijua, na najua atakalouliza. Atauliza, "Ni nani amenikosea?"

Hapo ndipo ukae naye, umsomee barua hii tangu mwanzo.

Ni mimi mdogo wako,
Anaeli